Hema Lililofungwa kwa Ndani

Ilipofika saa tisa mchana ule wa Jumamosi, Milcah aligundua kwamba hema limefungwa kwa ndani.

Lilikuwa limesimama uwanjani, katikati ya ploti waliyopanga Riruta, na hazijapita saa mbili tangu Lenox mumewe alisimamishe. Halikuwa na zipu kama haya mahema mepesi ya siku hizi. Lilikuwa la turubai nzito, kijani iliyofifia, na mlango wake ulifungwa kwa kamba saba zilizopitishwa kwenye matundu ya shaba. Milcah alikuwa anaanua nguo alipoona mlango umebana. Akapenyeza kidole, akayagusa mafundo, yote saba, yamekazwa upande wa ndani. Akamwita Ivyne, binti yao wa miaka tisa, atoke humo kabla hajaharibu kitu. Ivyne akaitika nyuma yake, mlangoni pa nyumba, mdomo umejaa chapati. Lenox naye alikuwa juu ya paa la jirani akitengeneza waya wa dishi.

Milcah hakuogopa. Alikasirika, na kusema kweli alikuwa na hasira tangu asubuhi, kwa sababu habari za hema alizipata likiwa tayari linashushwa kwenye pikapu. Lenox, fundi wa umeme, mtu mpole asiyejua kukataa, alikuwa amemwahidi mtoto kwamba likizo ya Agosti watakwenda kupiga kambi Ngong kama wenzake wa shule. Badala ya kukodi hema, akapita kwenye yadi ya Kiragu kule Kinoo, kando ya Waiyaki Way, panapouzwa kila kitu kilichomchosha mwenyewe: masinki, viti vya ofisi, milango ya nyumba zilizobomolewa. Kiragu akamwapia kwamba hema lilikuwa la Mzungu mmoja aliyekuwa akichunguza ndege, na Mzungu amerudi kwao. Lenox akaamini. Angeambiwa lilikuwa la malaika angeamini pia.

Walipolikunjua halikunuka uvundo wa turubai iliyokaa sana. Lilinuka udongo mbichi, na chini ya udongo ile dawa kali inayowasha macho. Milcah alifanya kazi katikati ya jiji, karibu na River Road, kwenye kibanda cha kuchapisha kadi za harusi na vijitabu vya mazishi, na familia nyingi zilimjia moja kwa moja kutoka mochari na harufu hiyo kwenye nguo. Aliijua vizuri. Akasema wazi kwamba hema linanuka mochari. Lenox akamjibu kwamba hiyo ni dawa ya mende.

Halafu kulikuwa na ule mzaha. Lenox alikuwa na miaka arobaini na mmoja na hakuwa amejenga kwao Ugenya, na kwa Wajaluo hilo si jambo dogo. Mwanamume anatakiwa awe na nyumba yake ndani ya boma la babake, hata ya udongo, hata kama Nairobi anakaa mwaka mzima. Asiye nayo analazwa kwa nduguze kama mgeni, na kaka zake Lenox hawakukosa kumkumbusha kila walipopiga simu. Kwa hiyo nguzo ya katikati iliposimama, na wapangaji wote wako kwenye ngazi wakimtazama, alijifuta jasho akatangaza, "Saa hii nimejenga. Hii ndio nyumba yangu, na mtu asiniambie tena niko bila."

Watu wakacheka, Milcah akiwashinda wote. Baadaye kicheko hicho kilimkaa rohoni kwa muda mrefu.

Lenox aliposhuka kutoka kwenye paa alipitisha mkono ndani, akafungua mafundo moja moja, akasema labda Ivyne ndiye aliyefunga kisha akatokea chini ya ukingo. Ndani hapakuwa na mtu. Jua lilikuwa kali, mabati ya ploti yalikuwa yanalia kwa joto, lakini humo ndani mlikuwa na baridi ya chumba kisichofunguliwa mwaka mzima. Na nyasi katikati zilikuwa zimelala, ukanda mrefu mwembamba, urefu wa mtu mzima. Lenox alizitazama, akasema ni pale alipoliweka hema kabla ya kulikunjua. Hakuliweka pale, na Milcah alimwona anajua hakuliweka pale.

Mpango ulikuwa baba na binti walale humo usiku huo kujaribu. Jua lilipokuwa linazama Ivyne aliingia na mto wake na blanketi. Hakumaliza dakika moja. Alitoka kinyumenyume, akaja akasimama karibu sana na mamake, akamvuta kitambaa cha kiuno.

"Mum," akasema kwa sauti ya chini, "kuna mtu amelala place yangu."

Milcah alimshika mtoto akamwingiza nyumbani, na alipotoka tena alimwambia Lenox alikunje hilo takataka lake alirudishe Kinoo kesho asubuhi. Hapo ndipo wote wawili walipokosea. Lenox aliona wapangaji wanasikia, akaona haya, akasema yeye haogopi vivuli vya mtoto, na akaingia peke yake. Milcah aliona mumewe anamdharau mbele ya watu, akamwacha aingie. Angeweza kumzuia. Alichukua hasira yake akaenda kulala nayo.

Jumapili kukakucha, chai ikaiva, Lenox hakutoka. Mlango wa hema ulikuwa umebanwa kwa zile kamba saba. Milcah alisimama mbele yake na kikombe mkononi, akaita Baba Ivy, Baba Ivy, chai inapoa. Akajibiwa kwa Kijaluo. Lenox hakuwahi kumsemesha mkewe kwa Kijaluo. Milcah alikuwa Mluhya aliyezaliwa Kangemi na alijua maneno yake ya salamu tu. Sauti yenyewe ilikuwa ya kukwaruza, ya mtu aliyemeza vumbi maisha yake yote. Kisha ikasema kwa Kiswahili, polepole, bila kupanda:

"Mke wa watu, usisimame mlangoni kwangu."

Chai ya moto ilimwagika kwenye vidole na hakuusikia ule moto. Akachungulia penye upenyo. Lenox alikuwa amekaa kwenye zile nyasi zilizolala, magoti yamekunjwa, uso ukutani. Kiganja cha mkono wake wa kulia kilikuwa kinapita juu ya turubai, kikizunguka, kikisawazisha, kikirudi palepale kusawazisha tena, kama mtu anayepiga plasta. Lenox hajawahi kushika mwiko. Yeye ni wa koleo na waya. Na alipogeuza kiganja hicho kwenye mwanga Milcah aliona kimepasuka, kimekuwa cheupe na kigumu, kiganja cha mtu aliyeshika saruji miaka na miaka, kimeota usiku mmoja mwishoni mwa mkono wa mumewe.

Wapangaji wakasema ni jini. Mmoja akasema jini la turubai linapenda chumvi, mwingine akasema linaogopa moshi, na kila mmoja akarudi kwake akafunga mlango. Mchana alikuja mchungaji wao Kisilu na wazee wawili wa kanisa, wamevaa suti, na hao ndio waliomkasirisha Milcah kuliko wote. Mchungaji ambaye kila Jumapili huwakanyaga pepo kwa kipaza sauti alisimama kando ya tangi la maji, hatua ishirini kutoka kwa hema, akaomba kutoka hapohapo. Kisha wakaanza wimbo. Ubeti wa kwanza waliimba watatu. Ubeti wa pili hema likaitikia, na haikuwa sauti moja iliyotoka humo, zilikuwa mbili, moja nzito ya mkwaruzo iliyoshika besi bila kukosea neno, na nyingine ndogo, ya juu, iliyokuwa nyuma ya ile ya kwanza na inachelewa kidogo, sauti ya Lenox, inayoimba kama anayejifunza wimbo alioimba tangu utotoni. Mchungaji Kisilu hakufika ubeti wa tatu. Alikumbuka kwamba ana ibada nyingine.

Jioni Milcah alimpelekea chakula, akakiweka mlangoni. Ivyne akamfuata bila ruhusa, akaita, "Dad?" Kamba mbili zikalegea. Jicho likaonekana, jicho la babake, jekundu, likamtazama mtoto kutoka juu hadi chini.

"Huyu mtoto ni wa nani?" likauliza lile koo la vumbi.

Ivyne hakulia pale. Alilia nyumbani, uso kwenye mto, na alikataa kuambiwa chochote. Milcah alikaa sakafuni mlangoni pa nyumba akilitazama hema mpaka giza likaingia, na ndipo aliposikia ile sauti ndogo, karibu na ardhi, mahali turubai inapokutana na nyasi.

"Mama Ivy," Lenox alinong'ona. "Hapa ni baridi. Ananisukuma. Ananisukuma kwa ukuta, mimi nabaki kidogo tu."

  Basi Milcah akaelewa kinachofanyika: mumewe alikuwa anatolewa ndani ya mwili wake mwenyewe kidogokidogo, kama mpangaji, na siku zikizidi hatabaki wa kurudishwa.

Jumatatu alikwenda mjini kwa sababu vijitabu vya mazishi vya familia tatu vilikuwa kwenye kompyuta yake na mazishi hayangoji. Aliandika, "Marehemu alipendwa na wote." Aliandika maneno hayo mara tatu kwa watu watatu. Mkono ukamgoma. Mercyline, mwenzake wa kibandani, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumwambia aombe, jambo ambalo Milcah alimshukuru. Akamwambia kama shida ni mafundo basi amtafute mtu wa turubai. Kuna mzee anaitwa Ochola, anashona mahema na viti vya magari kwenye Naivasha Road, ana kisu kinachopita turubai kama mkate.

Mzee Ochola alifika Riruta saa kumi, kisu kiunoni, analalamika juu ya matope na kazi aliyoiacha mashineni. Alikuwa mtu wa maneno makali na macho ya fundi. Alilizunguka hema mara moja akishika mishono, akisema hii nzuri, hii ya mashine, hii ya mtu mvivu. Alipofika mbele aliinua macho kwenye kilele, pale nguzo ya katikati inapoinua turubai. Palikuwa na kiraka cha duara, kipya kuliko hema lenyewe, kimeshonwa kwa mkono. Mzee aliomba kiti, akapanda, akakigusa kile kiraka kwa kidole. Kisha akashuka, akakirudisha kisu kwenye ala yake.

"Hii sikati," akasema.

Milcah, ambaye alikuwa amechoka na wanaume wanaosimama mbali, akamwambia kama naye anaogopa aende zake. Mzee hakukasirika. Alimvuta kando, akashusha sauti. Alimweleza kwamba nyumba ya mwanamume huko kwao huwa na kijiti kinachochomoza juu ya paa, wanakiita osuri, na mwenye nyumba akifa kinavunjwa. Kiraka kile kimeziba tundu la kijiti. Mtu alikipenyeza kwenye turubai, akakivunja, kisha akaziba.

"Nyathina, mtoto wangu, hii si tenti," akasema. "Hii ni nyumba ya mtu. Mtu amekufa bila nyumba, na sisi mtu kama huyo hatumwingizi kwa boma kumzika hivi hivi. Anajengewa kwanza, hata kakibanda, alale humo usiku mmoja na yeye pia akuwe na kwake. Sasa ndugu zake waliona uvivu kukata miti. Wakampigia tenti, wakaweka osuri juu, wakasema ni nyumba. Sawa. Lakini nyumba ya marehemu inaachwa hapo mpaka ianguke yenyewe. Hakuna mtu huing'oa. Na hakuna mtu huuza."

Milcah akamwuliza kama ni jini.

"Jini ako na kwao. Huyu, kwake waliuza."

Mzee akajongea mlangoni, akachuchumaa, akazungumza kwa Kijaluo kwa adabu, kofia mkononi. Alimwuliza mwenye nyumba jina lake. Sauti ikajibu: Aloyce. Akamwuliza anataka nini, na hapo turubai yote ikajaa kama imevutiwa pumzi, kamba za pembeni zikakaza mpaka vigingi vikaanza kutoka ardhini kimoja kimoja, ile harufu ya udongo na dawa ikawatoka mlangoni mpaka macho yakawatiririka machozi, kuku wa jirani wakakimbilia chini ya gari, na ndani ya hema sauti ikapanda kwa mara ya kwanza, kwa Kiswahili, ili kila aliyejificha nyuma ya mlango katika ploti ile asikie na aelewe.

"Nani ameuza nyumba yangu?"

Milcah alipomsimulia mzaha wa Jumamosi, Mzee Ochola aliinuka akamwambia kwamba mumewe alijitangaza mwenye nyumba mbele ya mwenyewe. Kumtoa hapo kwa nguvu hakuwezekani. Dawa ilikuwa moja: nyumba irudishwe kwa ndugu aliyeiuza, na irudishwe upesi.

Jumanne, jua halijapanda vizuri, Milcah alikuwa Kinoo. Kiragu alikuwa anapanga masinki. Alianza tena na Mzungu wake wa ndege, na Milcah akamwacha amalize, kisha akamwambia, bila kupaza sauti, kwamba mumewe anakufa ndani ya hema hilo na kwamba akisikia tena habari za huyo Mzungu atalisimamisha hapa yadini na kumwachia. Kiragu alikaa kwenye sinki. Akasema lilitoka kwa Zedekiah, mwenye hadwea, duka la vifaa vya ujenzi, kule Kabiria. Alilileta kwa pikapu mwezi wa tano, likiwa bado na nyasi za kijijini kwenye kamba, akasema alilitumia kwa shughuli moja tu ya ndugu yake.

"Na ulijua ni shughuli gani?"

Kiragu akatazama chini. Alisema biashara ya mitumba ukiuliza kila kitu kilitoka wapi hutauza hata kijiko.

"Leta pikapu yako," Milcah akamwambia. "Wewe ndio utalibeba."

Kulikunja hakukuwa na shida waliyoitazamia. Mzee Ochola alisema maneno machache mlangoni, kwamba Aloyce anapelekwa kwa ndugu yake, na kamba zote saba zikafunguka kutoka ndani. Lenox akatoka. Alitembea kama mtu mfupi kuliko alivyo. Hakumtazama Milcah. Hema lilipofungwa kwenye pikapu alipanda nyuma, akakaa kando yake, mkono mmoja juu ya turubai, na kutoka Riruta mpaka Kabiria watu waliokuwa barabarani walidhani wanaona mtu anasindikiza jeneza, wengine wakavua kofia.

Nyumba ya Zedekiah ilikuwa ya mawe, ghorofa moja juu, madirisha mapana, plasta laini isiyo na ufa. Hadwea ilikuwa kando ya geti na stoo ya saruji nyuma yake. Milcah hakupiga hodi. Alimwonyesha Kiragu pa kuegesha, na kabla mtu hajawauliza wao ni nani nguzo ya katikati ilikuwa imeshasimama mbele ya veranda. Lenox aliingia akakaa. Mzee Ochola alikuwa anapigilia kigingi cha mwisho Zedekiah alipotoka dukani, mtu mnene wa shati safi, kalamu mfukoni. Alilitambua hema. Milcah aliuona uso wake ukilitambua.

Alianza kwa kutishia kuita polisi, kisha akauliza wana wazimu gani. Milcah akamweleza, maneno machache. Alitaka jambo moja tu, kwamba alichukue hema alirudishe kijijini kwao, alisimamishe pale alipoling'oa, aliache lioze lenyewe. Akifanya hivyo mume wake atarudi.

"Mama, hayo ni mambo ya kizamani," Zedekiah akasema. "Mimi nimeokoka. Na huyo Aloyce nilimpea tenti. Kuna wengine hata hiyo hawapati."

"Ulimpa kwa usiku mmoja."

"Angejenga yake basi. Nani alimkataza?"

Mkewe Zedekiah, Jacklyne, alikuwa ametoka kwenye veranda. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyevaa aproni, na aliposikia hayo alisema kitu ambacho ni wazi alikuwa amekimeza kwa miaka. Alisema Aloyce alijenga. Alijenga hii. Alichimba msingi, akapanga kila jiwe, akapiga plasta ndani na nje, na miaka kumi na minane alilala kwenye ile stoo juu ya mifuko ya saruji, kwa sababu kila mwaka kaka yake alimwambia mwaka ujao tutakwenda nyumbani nikujengee. Kifua kikamwua humo stoo. Jacklyne aliomba akatiwe hata miti minne ya kibanda, akaambiwa hakuna wakati, lori linarudi kesho.

Zedekiah akamwambia anyamaze aingie ndani.  Milcah alifikiria yale maneno ya vijitabu vyake, marehemu alipendwa na wote, na akamchukia mtu huyu aliyesimama mbele yake kwa shati lake safi kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote.

Kisha Zedekiah akafanya kile ambacho kiburi chake kilikuwa kinamvuta kukifanya tangu mwanzo. Alisema atamtoa huyo mlevi humo kwa mkono wake mwenyewe. Akakunja mikono ya shati, akaelekea mlangoni.

Mzee Ochola alifungua kinywa kumwonya, kwa sababu kila Mjaluo anajua kwamba ndugu mkubwa haingii namna hiyo katika nyumba ya ndugu yake mdogo, sembuse ya marehemu. Milcah akamshika mzee mkono, akaubana. Mzee akamtazama. Alielewa, na Mungu amsamehe, akafunga kinywa.

Zedekiah aliinama akaingia.

Turubai ikatulia. Hapakuwa na kelele, hapakuwa na vurugu, palikuwa na mchana mtupu wa Kabiria, mashine ya kuchomelea vyuma ikilia mtaa wa pili, na hema limesimama kwenye jua lile bila kutikisika, na Milcah akihesabu pumzi zake mwenyewe, akifika ishirini, akifika arobaini, akijiambia kwamba kama amekosea basi amewapoteza wote wawili na yeye ndiye aliyembana mzee mkono, na bado hakutamani kumwita yule mtu atoke.

Lenox ndiye aliyetoka kwanza. Alitambaa kwa magoti, akasimama, akaziba macho kwa jua. Viganja vyake vilikuwa vyake, laini, na kovu la zamani la waya kwenye kidole gumba.

"Mama Ivy," akasema. "Hapa ni wapi?"

Milcah alimkumbatia mbele ya watu wote, akalia kwa sauti, akamtukana kwa kununua vitu bila kuuliza, akamkumbatia tena.

Baadaye kidogo Zedekiah akatoka. Alitoka akiwa ameinama, kama mtu aliyezoea mlango mfupi, na hakujinyoosha. Shati lilikuwa lilelile. Alipita mbele yao bila kuwatazama, akaenda mpaka kwenye ukuta wa nyumba, akaweka kiganja juu ya plasta, akakizungusha polepole, akatafuta ufa asiupate. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akamgeukia Jacklyne pale veranda, akavua kofia ambayo haikuwepo kichwani.

"Shemeji," akasema kwa ile sauti ya vumbi, kwa haya, "leo naweza kuingia ndani?"

Jacklyne aliweka mkono kwenye kinywa. Alimtazama muda mrefu, yule mume wake anayemwita shemeji, kisha akamtazama Milcah, na macho yake yalikuwa yanauliza kitu. Jacklyne akasogea pembeni. Yule mtu akapangusa viatu vyake mara mbili, akaingia katika nyumba ya mawe, na mlango ukafungwa taratibu.

Kiragu alikuwa tayari amewasha pikapu. Milcah alimshika mumewe mkono akamwongoza getini, na hapo ndipo nyuma yao, kutoka ndani ya hema tupu, karibu na ardhi mahali turubai inapokutana na nyasi, sauti ya mtu mnene ilipoanza kunong'ona jina la Jacklyne, ikisema hapa ni baridi, ikisema nifungulie.

Lenox alisimama, akageuza kichwa. "Nani huyo anaita?"

Milcah alikuwa ameisikia vizuri, na Mzee Ochola aliyekuwa nyuma yao pia alikuwa ameisikia, kwa sababu alikuwa ameondoa kofia na hakuwa anatembea tena.

"Panda gari," Milcah akasema. "Mtoto anatoka shule saa tisa unusu."